Ubao Usioagizwa

Nukazawa, 14 Aprili

Mwanangu Tamotsu,

Huku theluji imebaki upande wa kaskazini wa paa tu, na machipukizi ya bakke, mboga yetu ya mwituni, yameshachomoza kando ya mfereji. Juzi niliyakaanga, nikala fungu langu, kisha nikala na lako, maana hukuwepo kulitetea. Magoti yananiuma nikipanda ngazi za hekalu lakini bado yanapanda. Masikio ndiyo yamenikimbia kabisa, watu huniandikia kwenye kibao cha chaki, kwa hiyo usijisumbue kupiga simu. Paka yu hai na wizi wake hajauacha. Mzee Isawa, mwenyekiti wa waumini, anakusalimu. Anasema ninyi mliokwenda mjini mkishavaa tai mnasahau mpunga unaota wapi.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Agosti hii ndiyo mara ya kwanza baba yako mkubwa kurudi nyumbani siku za wafu, tangu tulipomzika Novemba. Kuhani wa hekalu la bondeni atakuja kuongoza ibada tarehe kumi na nne, lakini mbao ziko juu yangu. Nyumba themanini na tatu, na kila moja inataka ubao wake mrefu wenye jina la kaburini la mtu wao, lile analopewa akishakufa, wakausimamishe nyuma ya kaburi. Unakumbuka mkono wa baba yako mkubwa ulipoanza kutetemeka tuliweka brashi kando, tukanunua ile printa ya mbao. Printa ni nzima. Kompyuta yake ndiyo inakata roho, ile yenye mfumo wa toleo la saba. Nikiiwasha asubuhi, maharage yanaiva kabla haijaamka. Waumini wametoa nyingine mpya, toleo la kumi na moja. Nimeziunganisha, na zinatazamana kimya kama wakwe.

Isawa amesema bila kuficha: mbao zisipokuwa tayari, hekalu letu litaunganishwa na la bondeni na nyumba hii itafungwa. Mimi ningehama, sina ubishi na uzee. Lakini Enji akirudi akakuta kufuli, atamuuliza nani? Huu ni mwaka wa saba tangu mwanangu aondoke, na kila asubuhi bado namwandalia sinia yake ya chakula. Nataka arudi, au nijue aliko. Zaidi ya hilo sina ninaloliomba duniani. Ulikuwa naye kama pacha, Tamotsu. Ukisikia lolote, hata uvumi, niandikie.

Na ungekuja mwenyewe kuiweka hiyo mashine ingekuwa bora zaidi. Ni saa sita za treni tu.

Mama yako mkubwa,
Shigeno


Kawasaki, 3 Mei

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta salama. Hapa joto limeanza mapema, na kazini kuna msukosuko kwa sababu kampuni nyingi zinahama toleo moja kwenda jingine, na kila wanapohama printa zao zinagoma. Ninalala vizuri. Ninakula. Umesema nisisahau mpunga unaota wapi. Mwambie Mzee Isawa sijasahau, ila siku hizi nauona umeshapikwa.

Kuja siwezi kwa sasa, wenzangu wawili wameacha kazi. Lakini kazi yenyewe si ngumu, nitakuelekeza hatua kwa hatua. Nimeweka picha za skrini, nikazungushia duara jekundu mahali pa kubonyeza.

Kila printa inahitaji kiendeshi, yaani programu ndogo inayoifundisha kompyuta namna ya kusema nayo. Kiendeshi cha toleo la saba hakitakiwi na toleo la kumi na moja. Waliotengeneza printa yako walifunga kiwanda zamani, hawakuacha kipya, kwa hiyo tutakitumia cha zamani kwa ujanja kidogo. Kiko kwenye ile diski niliyoifunga pamoja na barua hii.

Kwanza, chomoa waya kati ya printa na kompyuta. Hili ni muhimu kuliko yote: usichomeke waya kabla kompyuta haijakuambia uchomeke. Watu wote hukosea hapo. Pili, weka diski, bonyeza faili kwa upande wa kulia wa kipanya, kisha chagua iendeshwe kana kwamba iko kwenye toleo la saba, kama picha ya tatu inavyoonyesha. Tatu, subiri. Nne, ikisema chomeka, ndipo uchomeke. Mwisho, itoe ukurasa wa majaribio. Tumia ubao mbovu.

Majani ya chai uliyoniletea mwaka juzi bado ninayo.

Tamotsu


Nukazawa, 19 Mei

Mwanangu,

Umeandika barua ya kurasa nne, na kuhusu Enji hakuna hata neno. Basi.

Tumeanza kupandikiza mpunga. Isawa ameteleza tena kwenye tope mbele ya wakwe zake na hataki lisemwe, ndiyo maana nakuandikia. Nashukuru kwa picha. Duara zako nyekundu zimenifanya nijione mtoto wa darasa la kwanza, na nimefanya kila kitu ulivyosema. Waya niliuchomoa. Nikauning'iniza kwenye msumari, mbali, nisije nikasahau.

Toleo la kumi na moja limekikataa kiendeshi chako. Limesema hakina sahihi ya mtu linayemwamini. Nikalisubiri, nikalibembeleza, likakataa tena. Nikaenda jikoni kuweka maji.

Niliporudi printa ilikuwa inafanya kazi. Mimi sisikii, lakini sakafu ya mbao inatikisika mashine ikitembea, niliisikia kwa nyayo. Ubao wa majaribio niliouweka ulikuwa umeshatoka nusu. Nikadhani nimechomeka waya bila kujua, akili ya kizee. Nikatazama: waya uko kwenye msumari.

Ulikuwa ubao kamili, Tamotsu. Jina la kaburini, tarehe ya kufa, na umri chini: miaka thelathini na mmoja. Jina lenyewe silijui. Nimefungua daftari la wafu la hekalu, mwaka mmoja hadi mwingine, halimo. Lakini ndani yake imo ile herufi ya hekalu letu, wanayopewa makuhani wetu na watoto wao, na zile nyumba chache za zamani zilizojenga paa la hekalu. Mwanamume, basi, wa nyumba hii au ya karibu. Nilianza kuhesabu miaka, kisha nikaacha kuhesabu.

Nimeusimamisha kwenye ujia. Niambie ni wa nani.

Shigeno


Kawasaki, 6 Juni

Mama Mkubwa,

Samahani kwa kuchelewa. Mvua zimeanza na nilikuwa na mafua.

Usiogope ule ubao. Printa nyingi zina kumbukumbu yao ndani. Kazi iliyotumwa zamani ikakwama hubaki kwenye foleni, na siku yoyote ukiwasha umeme hutoka yenyewe bila waya. Nimeona mara nyingi. Kwa mteja mmoja ilitoka kadi ya mwaliko wa harusi ya watu walioshaachana. Bila shaka Baba Mkubwa alikuwa anajaribu kitu, labda anapanga mfano wa majina, kisha akaugua.

Tuisafishe foleni. Zima printa, ng'oa na waya wa umeme, uiache siku nzima. Kwenye kompyuta fungua dirisha la picha ya kwanza, ufute kila kilichoorodheshwa. Kisha tusilazimishe toleo la kumi na moja. Uliwahi kusema ukumbi wa kijiji una kompyuta ya toleo la kumi, iazime. Toleo hilo si kali sana, litakikubali kiendeshi. Na majina ya waumini uyahamishe kwa ile kumbukumbu ndogo ya kuchomeka. Picha ya nne hadi ya saba.

Hukutaja tarehe iliyoandikwa kwenye ubao. Ni ipi hasa? Inanisaidia kujua kazi hiyo ilikwama lini.

Tamotsu


Nukazawa, 20 Juni

Mwanangu,

Pole na mafua. Chemsha tangawizi, uache kulala na feni.

Tarehe sikuitaja makusudi. Nilitaka kuona kama utaiuliza.

Nilifanya ulivyosema. Printa imelala bila umeme siku tatu, si moja. Kompyuta ya ukumbi imekuja na vumbi lake, toleo la kumi, ikakikubali kiendeshi bila maneno. Ikasema chomeka, nikachomeka. Foleni ilikuwa tupu, niliitazama kwa miwani yote miwili. Nikaagiza ubao wa mama yake Isawa, ukatoka mzuri, isipokuwa mahali pa herufi ya hekalu palikuwa na kisanduku cheupe. Nikaagiza wa pili, wa nyumba ya juu ya daraja. Kisanduku tena. Herufi nyingine zote zipo, ile imetoroka. Isawa akatania, akasema mama yake alikuwa na pengo akiwa hai na sasa amekufa nalo.

Kisha, mikono yangu ikiwa mapajani, mashine ikavuta ubao wa tatu yenyewe.

Ni ule ule. Jina lile, umri ule. Na herufi ya hekalu ipo, Tamotsu, nyeusi, kamili, na ule mkia aliouchora baba yako mkubwa. Nimeweka mbao mbili za jina hilo ubavu kwa ubavu kwenye ujia na sipiti hapo bila kuvua kandambili.

Isawa ameuona. Ametazama umri, akanitazama mimi, akasema chai aliyokuwa anakunywa imepoa na kumbe alikuwa hata hajamiminiwa.

Tarehe ni tisa Oktoba. Itatimia miaka mitano mwaka huu.

Sasa nakuuliza waziwazi. Je, ulimwambia baba yako mkubwa jambo ambalo hukuniambia mimi?

Shigeno


Kawasaki, 1 Julai

Mama Mkubwa,

Sikumwambia Baba Mkubwa jambo lolote.

Kuhusu herufi. Herufi ile haitoki kiwandani na kompyuta yoyote duniani. Baba Mkubwa aliichora mwenyewe, nukta moja moja, majira ya baridi, mimi nikiwa nimekaa pembeni namtajia idadi ya nukta. Huko kwenu imehifadhiwa ndani ya ile ya toleo la saba peke yake. Ukihamisha majina, herufi haiji nayo, panabaki kisanduku. Kwa hiyo toleo la kumi haliwezi kuiandika. Haliwezi. Labda ubao ule ulikuwa umeshachapwa zamani ukachanganyika na mbao tupu, ukauweka bila kuuona.

Nimeweka herufi hiyo upya kwenye diski hii ya pili. Nilikuwa na nakala. Kwa toleo la kumi na moja fanya hivi: ukiizima kompyuta uiwashe upya, shikilia kitufe cha picha ya pili, litatokea dirisha la buluu, chagua namba saba. Hapo kwa mara moja haitauliza sahihi ya mtu. Kiendeshi kitaingia.

Mbao zile mbili zichome. Tafadhali.

Nina kazi nyingi sana.

Tamotsu


Nukazawa, 10 Julai

Tamotsu,

Leo sianzi na hali ya hewa.

Sikuzichoma. Katika miaka arobaini na minne ya kuwa mke wa kuhani sijawahi kuchoma jina la mtu nisiyeambiwa ni nani.

Mbao za waumini ziko tayari. Dirisha la buluu lilikuja, namba saba nikaibonyeza, toleo la kumi na moja likanyamaza likakubali. Themanini na tatu, herufi zote zikiwa kamili, Isawa akizipokea upande wa pili na kuzihesabu kwa sauti ambayo mimi siisikii. Kwa hiyo hekalu halifungwi mwaka huu, na ninakushukuru kwa hilo, kazi yako unaijua.

Tulipomaliza, Isawa alichomoa waya akawa anaukunja. Waya wa kompyuta mkononi mwake, nao wa umeme umeshang'olewa ukutani. Ubao wa themanini na nne ukaanza kutoka. Hakukimbia, namsifu. Alisubiri umalizike, akaupokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto, akausoma. Kisha akaniandikia kwenye kile kibao changu cha chaki: "Mama, huyu ni Enji." Akaondoka bila kofia.

Mimi nilijua tangu Mei. Nilijua tangu kabla ya Mei, na hili sijamwambia mtu. Unakumbuka sinia ya Enji. Unakumbuka bibi yenu alivyotufundisha: mtu aliye mbali akiwa hai, ukifunua bakuli lake la supu unakuta matone chini ya kifuniko, akiwa hayupo tena, kifuniko kinatoka kikavu hata supu ifuke vipi. Miaka miwili ya mwanzo matone yalikuwepo. Asubuhi moja ya Oktoba, hiyo Oktoba, nilifunua kikavu. Kesho yake kikavu. Baba yako mkubwa alikuwa anakuja kutoka kwenye sala ya asubuhi, nikachovya vidole kwenye maji nikakirashia. Akaja akatazama, akasema, "Anaendelea vizuri." Nimerasha maji kifuniko kile kila siku mpaka baba yako mkubwa alipokufa. Alikufa akiamini mwanawe yu hai, na mimi ndiye niliyemdanganya.

Hilo langu nimelitoa. Sasa toa lako. Wewe uliniambia, na ukawaambia polisi, kwamba hukumwona Enji tangu aondoke hapa. Kama ni kweli, andika tena kwa mkono wako: sikumwona. Nitaamini, na sitauliza tena.

Shigeno


Kawasaki, 22 Julai

Mama Mkubwa,

Nimejaribu kuyaandika hayo maneno. Nimechana karatasi sita.

Nilimwona. Alipoondoka Nukazawa alikuja kwangu moja kwa moja. Alikaa siku kumi na tisa, analala chini ya meza yangu ya kazi. Hakuwa na ugomvi na nyinyi. Alikuwa anaogopa. Alisema kila akisimama mbele ya maiti kusoma sala anahisi anamdanganya yule maiti, na hawezi kuifanya kazi hiyo maisha yake yote, na hawezi kumwambia Baba Mkubwa hivyo. Siku polisi walipopiga simu alikuwa ameketi mbele yangu anakula tambi. Akaniambia: "Ukimwambia Mama niko wapi, nitahama, na safari hiyo hata wewe hutajua. Nikishapata la kumwambia Baba, nitarudi mwenyewe." Nikaapa. Nilidhani ni jambo la miezi.

Akaenda kwenye mji mmoja wa bandari, siutaji kwenye barua, akafanya vibarua kwa jina la uongo na kulala kwenye nyumba za kupanga kwa siku. Nilikuwa nikienda kumwona mara mbili kwa mwezi. Alikuwa anacheka, Mama Mkubwa. Nataka ulijue hilo. Alikuwa anaiga Mzee Isawa akihutubia waumini na watu waliokuwa hawamjui Isawa walikuwa wanacheka.

Oktoba ile alinipigia simu Jumatatu akasema kifua kinambana, nije. Nilikuwa na ofisi ya kompyuta arobaini, za matoleo matatu tofauti, na printa moja kubwa iliyokuwa inazikataa zote. Nikamwambia, "Kaka, nimalizie hiki kiendeshi, nakuja Jumamosi." Akasema, "Sawa, maliza." Nilifika Jumamosi saa nne asubuhi. Alikuwa amekufa Jumatano, tarehe tisa.

Kulikuwa na mtu wa manispaa mlangoni pa chumba chake anaandika fomu. Jina la uongo halikuwa na kwao wala ukoo, kwa hiyo akaniuliza, "Unamfahamu?" Nikaona kama nikisema ndiyo nitaandika anwani ya hekalu, na bahasha ya serikali itafika mlangoni kwenu, na mtajua kwamba nilijua miaka miwili yote na sikwenda kwake hata aliponiita Jumatatu. Nikajibu, "Hapana, simfahamu." Hivyo tu. Maneno mawili.

Wakamchoma wakaweka majivu yake kwenye ghala la manispaa la wasio na ndugu. Sanduku namba sitini na moja. Nimekuwa nikienda kila mwezi, nasimama nje. Wanatunza miaka mitano. Baada ya tarehe tisa Oktoba mwaka huu watamchanganya na wengine kwenye kaburi moja na hakuna atakayeweza kumtenganisha tena. Nilijua hivyo ulipoandika Aprili. Nilikuwa naihesabu tarehe nisiyokuwa na ujasiri wa kuitumia.

Sikumwambia Baba Mkubwa. Sikumwambia yeyote. Mwenye nyumba alijua jina la uongo tu, na hata manispaa wana jina hilo tu. Kwamba tarehe ile ni ya Enji, najua mimi peke yangu duniani. Sijui nani aliandika ubao. Nilikudanganya kuhusu kumbukumbu ya printa. Printa ya aina ile haina kumbukumbu. Nawe ujue hili: wiki iliyopita nilikuwa kwa mteja, nikaagiza ukurasa wa majaribio, ukatoka mtupu, una tarehe tu katikati. Haikuwa tarehe ya siku hiyo. Mteja akauliza, "Oktoba tisa kuna nini?" Nikasema ni hitilafu ya kiendeshi. Tangu hapo nikiingia kwenye chumba chenye printa natoka jasho, na hiyo ndiyo kazi yangu.

Nimeambatanisha fomu. Ukitia sahihi kama mzazi, na nakala ya usajili wa familia, watamtoa. Nimeulizia: sheria inaruhusu sanduku kama hilo kutumwa kwa posta, kwa kifurushi cha kawaida, likiandikwa vizuri. Nitalifunga mwenyewe kwa uangalifu mkubwa. Litafika kabla ya tarehe kumi na nne.

Naomba unisamehe.

Tamotsu


Nukazawa, 29 Julai

Tamotsu,

Barua yako niliisomea hapo hapo kwenye sanduku la barua, juani, mpaka mama wa nyumba ya chini akaja kunishika mkono akidhani nimezimia nimesimama. Kisha nikaisoma tena mbele ya kaburi la baba yako mkubwa. Nimekuchukia siku mbili nzima. Nilikuwa nikikuchukia hata nikiwa napalilia. Siku ya tatu nimelia, na nililia zaidi pale Enji aliposema "sawa, maliza," kwa sababu hivyo ndivyo alivyokuwa, hata akiwa mdogo ana homa hakuwa anamharakisha mtu.

Ulikuwa na woga na mimi nilikuwa na woga, na katikati yetu mtoto amekaa kwenye ghala miaka mitano akiwa na namba. Wewe ulisema humfahamu. Mimi nilirasha maji kifuniko. Baba yako mkubwa tu ndiye hakudanganya mtu, na yeye ndiye tuliyemdanganya sote.

Zile mbao tatu nimezichoma jana nyuma ya jikoni, sasa kwa kuwa nimeambiwa ni za nani. Kisha nikaenda kwenye mashine, toleo la kumi na moja, waya umechomekwa, herufi yako imewekwa, kila kitu kama ulivyoelekeza. Nikaliandika jina lile mwenyewe, herufi kwa herufi, nikaagiza ubao wa Enji. Ilikuwa mara ya kwanza kuuagiza.

Ukatoka na kisanduku cheupe.

Nikaagiza tena ubao wa mama yake Isawa kuijaribu. Herufi ipo. Nikarudi kwa Enji. Kisanduku. Nimeharibu mbao nne. Isawa, aliyerudi kufuata kofia yake, alitazama ule wa nne akaandika kwenye kibao changu: "Hii mashine imemaliza kazi yake, Mama. Iliyobaki ni ya mtu." Naona ndivyo ilivyo. Tangu ule ubao wa themanini na nne haijavuta mwingine yenyewe, na nimeizima, na sakafu imetulia.

Huo wa nne nimeuweka. Pengo limebaki wazi, nami sitalijaza kwa sababu mkono wangu haujawahi kuiandika herufi ile. Ulikaa pembeni ya baba yako mkubwa ukimtajia nukta. Unaijua kuliko yeyote aliye hai. Utaiandika wewe, kwa brashi, mbele yangu.

Fomu nimeitia sahihi, nakala ya usajili iko ndani ya bahasha hii. Lakini Enji usimtume kwa posta. Hata useme umemfunga vizuri kiasi gani. Utamchukua kwa mikono yako, utamkatia kiti chake, na utamweka dirishani, maana hajauona mto wa huku kwetu miaka saba. Na msamaha nao usiuombe kwa posta. Njoo uuombe nikikutazama usoni, nami sijui nitakujibu nini, sikuahidi.

Tarehe kumi na tatu Agosti, treni ya saa tatu na dakika kumi asubuhi. Inafika hapa saa tisa na nusu. Nitakuwa stesheni.

Shigeno